Intavyu ya kiufundi mbele ya jopo la wanaume watupu: mtu ajipange vipi?

BintiMakadara

Salaam zenu wadau. Naomba ushauri wa kazi yenyewe, si ule wa "jiamini tu dada". Nafasi ni ya mhandisi wa programu upande wa seva, Python (lugha ya programu) na SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata), kampuni ya mambo ya malipo, ofisi iko Nyali, Mombasa. Barua pepe yao imetaja hatua nne: simu ya nusu saa na mtu wa HR (idara ya wafanyakazi), saa nzima ya kuandika msimbo huku mtu anakutazama, kikao cha kusanifu mfumo, kisha jopo la watu wanne. Majina ya wahoji wameyatuma na wote ni wanaume. Zimebaki wiki tatu.

Nisome nini na niache nini? Wakinikatiza katikati ya maelezo nifanyeje bila kuonekana nimekuja kugombana? Na yale maswali ya "umeolewa?" hujibiwa vipi? Halafu kuna nafasi ya pili, ya kufanyia nyumbani, ya watu wa Uingereza. Hiyo mahojiano yote ni kwa video, nami navaa hijabu.

Fundi_Seva

Waaleikum salaam dada. Nianze na ile saa ya msimbo, maana ndiyo inayochuja watu wengi.

Kwanza hiyo saa si dakika 60. Tano za mwanzo ni salamu, kumi za mwisho ni za wewe kuwauliza wao. Umebaki na 45. Tano zitumie kuuliza maswali, tano hadi nane kusema mpango wako kabla hujagusa kibodi, kama 25 kuandika, zilizobaki kujaribu. Wengi wanaoanguka si kwamba hawajui kazi. Wameanza kuandika dakika ya pili, wakagundua dakika ya thelathini kwamba wanajibu swali ambalo hawakuulizwa.

Chukua swali linalopendwa kila mahali: umepewa orodha ya namba na lengo, toa nafasi za namba mbili zinazojumlika kufikia lengo hilo. Uliza kwanza. Orodha imepangwa? Kuna hasi? Namba moja yaweza kutumika mara mbili? Nisipopata jibu nirudishe nini? Kisha itaje njia ya kijinga kwa sauti: lupu ndani ya lupu, kila namba ijaribiwe na kila mwenzake. Orodha ikiwa na namba 10,000, hizo ni jozi karibu milioni 50. Sasa taja njia ya pili: unapita mara moja tu, na kila namba unayokutana nayo unatazama kwenye kamusi ya Python (dict, hifadhi ya kutafutia kitu papo hapo) kama kile kinachopungua kufikia lengo ulishakiona. Hatua 10,000 tu, ila unatumia kumbukumbu zaidi, na hilo pia uliseme. Mtego uko kwenye mpangilio: tazama kamusi kwanza, ndipo uweke namba uliyonayo. Ukianza kuiweka, lengo likiwa 10 na namba ikiwa 5, hiyo 5 itajioa yenyewe.

Ukimaliza usiseme "nadhani iko sawa". Pitisha orodha tupu, orodha ya namba moja, orodha yenye 5 mbili, orodha yenye hasi. Fuata mstari kwa mstari na useme kila kigeu kina thamani gani sasa hivi.

Kwa nini nasisitiza kusema? Mhoji akitoka pale anajaza fomu: alielewa swali, alipendekeza njia zaidi ya moja, msimbo unakwenda, aliujaribu, anaeleweka. Ulichokifikiria kimyakimya hakina pa kuandikwa, na palipo wazi hujazwa kwa kukisia. Kijana wa kiume akinyamaza wanasema anafikiri. Dada akinyamaza wanasema amekwama. Si haki, lakini hapo pana dawa, kwa hiyo itumie.

Kwa wiki tatu: orodha na kamusi, matini (strings), dirisha linalosogea (sliding window), kupanga na kutafuta kwa kugawa nusu (binary search), miti na grafu (kupita kwa upana na kwa kina). Yale maswali mazito ya kugawa tatizo na kuhifadhi majibu madogo (dynamic programming) yaache hadi wiki ya mwisho, na ukikosa muda usilie. Maswali mawili kwa siku, dakika 35 kila moja. Muda ukiisha hujapata, soma jibu, lifunge, kesho yake uliandike upya kwenye ukurasa mtupu. Andikia mahali pasipokumalizia maneno, maana siku yenyewe hakuna kihariri cha kukukumbusha. Na jirikodi kwa simu ukijieleza kwa Kiingereza, kwa sababu mahojiano yatakuwa kwa Kiingereza, na kufikiri msimbo huku ukisema Kiingereza kwa sauti ni kazi mbili kwa pamoja.

SQL usiidharau. Swali la kawaida: orodhesha wateja wote na idadi ya malipo yao ya Machi, pamoja na wasiolipa. Watu wanaandika LEFT JOIN (kuunganisha majedwali huku kila mteja akibaki) vizuri, kisha wanaweka sharti la tarehe kwenye WHERE. Hapo wateja wasiolipa wanapotea wote, kwa sababu tarehe yao ni NULL, yaani tupu, na NULL haipiti sharti. Sharti hilo likae kwenye ON. Kosa la pili liko papo hapo: COUNT(*) inampa asiyelipa 1, kwa kuwa mstari wake upo. Hesabu safu ya malipo, atapata 0.

Kijana_Likoni

Kwa heshima zote, hii mada ya wanawake hapa naona haina kazi. Msimbo hauna jinsia. Ukijua unapita, usipojua hupiti.

ZuhuraTudor

@Kijana_Likoni kompyuta haina jinsia, sawa. Lakini anayetoa alama si kompyuta. Jopo likiwaza kwa sauti kabla kila mmoja hajaandika alama zake, mkubwa akisema "mimi sikumwona ana uzito", watatu waliobaki watamfuata. Kampuni inayotaka kupima ujuzi kweli hufanya mambo matatu yasiyogharimu shilingi: maswali yale yale kwa kila mtu kwa mpangilio ule ule, kila mhoji aandike alama zake peke yake kabla ya mazungumzo, na iwe imeshaandikwa mapema jibu la alama 2 likoje na la alama 4 likoje. Ukikaa upande wa kuajiri, anzia hapo.

Sasa dada Binti, jopo.

Kazi ya jopo lako inaanza kwenye ile simu ya HR. Muulize: kila kikao kinaangalia vipengele gani? Nitatumia kihariri changu au chao? Naruhusiwa kutafuta mtandaoni? Nani katika wale wanne ndiye nitakayeripoti kwake? Haya ni maswali ya kawaida kabisa na mtu wa HR huyajibu, shida ni kwamba wengi hawaulizi. Ukishajua wanapima nini, unajua la kulitaja wazi.

Kukatizwa. Dawa ni kutangaza idadi mwanzoni: "Kuna sababu mbili za kuchagua hivyo. Ya kwanza..." Mtu akiingilia kati, kila aliyemo chumbani anajua bado kuna ya pili. Unamwambia, "Nimalizie ya pili kisha nakuja kwenye swali lako," na unaendelea kwa sauti ile ile, usiipandishe. Kisha rudi kwake kweli, kwa jina lake. Usipomrudia, utaonekana uliyemkwepa. Akikatiza kukusahihisha na amepatia, mpe haki yake kwa sentensi moja uendelee. Usiombe radhi mara tatu.

Pia usichanganye kukatizwa na kuchimbwa. Maswali yakizidi kwenda chini kwenye jambo lile lile (kwa nini indeksi, ile ya kuharakisha utafutaji, hapo, ikijaa itakuwaje, seva ikizima katikati ya kuandika itakuwaje) hiyo mara nyingi ni dalili njema, wanatafuta mwisho wako ulipo. Ukifika mwisho sema, "Hapo sijafanyia kazi, ningeanza kwa kuangalia hiki." Lakini akiacha mada na kuanza kukurushia fafanuzi za kitabuni moja baada ya nyingine, jibu fupi na uirudishe kwenye kazi: "Kwenye mfumo wenu hilo huwa linajitokeza wapi?"

Maelezo ya kazi za nyuma: acha "tulijenga, tuliboresha". Adabu ya kwetu inatufundisha tusijitaje, na jopo likisikia "tulijenga" linaandika kwamba ulikuwemo tu. Sema timu ilikuwa ya watu wangapi, wewe ulishika sehemu gani, uamuzi gani ulikuwa wako, na namba ya kabla na baada. "Timu ya watano. Niliandika upya swali la ripoti na kuongeza indeksi ya safu mbili. Ripoti ikatoka sekunde kadhaa hadi chini ya moja." Weka namba zako halisi, watakuuliza ulizipima vipi.

Ndoa na watoto. Sheria iko upande wako: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa jinsia na ujauzito hata kwa anayetafuta kazi, si aliyeajiriwa peke yake, na shauri likifika mahakamani mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inataja pia hali ya ndoa, dini na mavazi. Lakini pale kwenye kiti huendi kuhutubia sheria. Jibu wasiwasi ulio nyuma ya swali, kisha geuza: "Ratiba mliyoitaja naimudu. Zamu za dharura za usiku hapa ni mara ngapi kwa mwezi, na hulipwa vipi?" Akirudia tena, muulize kwa upole hilo linahusiana vipi na nafasi. Jioni ile ile andika tarehe, saa, jina la aliyeuliza na maneno yake kama yalivyotoka. Usifute barua pepe zao. Ukitaka kulifuatilia baadaye, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Mombasa pia.

Maoni yangu: kampuni iliyouliza mara mbili umeshaijua kabla hujapokea hata mshahara wa kwanza.

BintiMakadara

Mashaallah, shukran sana dada Zuhura, na kaka Fundi. Sasa kile kikao cha kusanifu mfumo. Kwa kuwa ni kampuni ya malipo, nadhani wataleta M-Pesa. Wanatarajia mtu aseme nini?

Fundi_Seva

Wataleta M-Pesa, weka hilo akilini. Swali huja hivi: "Sanifu malipo ya duka la mtandaoni." Kosa kubwa ni kukimbilia kuchora seva kumi. Uliza kwanza oda ngapi kwa siku, mteja avumilie kusubiri muda gani, nani anasoma ripoti.

Kisha eleza njia ya pesa. Seva yako inatuma ombi Daraja (lango la Safaricom la kuunganisha mifumo na M-Pesa), mteja anaona kisanduku cha kuweka PIN kwenye simu yake. Daraja inakurudishia jibu papo hapo lenye CheckoutRequestID, yaani namba ya ombi hilo. Jibu hilo linasema ombi limepokelewa, halisemi umelipwa. Anayeandika "imelipwa" hapo ameshaanguka. Matokeo yanakuja baadaye, yakitumwa kwenye anwani uliyoitoa: ResultCode 0 ni kufaulu, 1032 ni mteja ameghairi.

Hapo ndipo pa kuonyesha ukomavu, kwa sababu matokeo hayo yanaweza kuchelewa, kuja mara mbili, au yasije kabisa. Kwa hiyo oda inaanza na hali ya "inasubiri". Ujumbe ukifika, uhifadhi kwanza jinsi ulivyo, jibu haraka kwamba umeupata, halafu ndipo uuchakate pembeni. Namba ya risiti ya M-Pesa iwe ya kipekee kwenye jedwali, ili ujumbe ule ule ukija tena databesi yenyewe iukatae, badala ya kutegemea "if" kwenye msimbo. "If" haitoshi kwa sababu ujumbe wa kwanza na wa pili ukifika kwa pamoja, yote miwili itatazama, itaona hakuna, na yote miwili itaandika. Oda zilizokaa "inasubiri" kupita dakika chache, uulizie mwenyewe hali yake kwa Daraja, usikae ukisubiri.

Kuna moja wachache huitaja: ujumbe wa matokeo unaweza kukufikia kabla hujamaliza kuhifadhi ile CheckoutRequestID. Ukiwa umeshauhifadhi jinsi ulivyo, utaulinganisha na oda baadaye. Ukiwa umeutupa kwa sababu "oda haipo", pesa ya mteja imeingia na bidhaa haitoki.

Mteja akibofya "lipa" mara mbili? Simu itume kitambulisho kimoja kwa oda moja, ombi la pili lenye kitambulisho hicho lirudishe jibu la kwanza. Kiasi cha kulipa kisomwe kutoka kwenye seva, kisikubaliwe kutoka kwenye simu ya mteja. Na pesa iwe namba kamili kwa senti. Kwenye Python 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004, jaribu mwenyewe.

Mwalimu_Kizingo

Nichangie upande wa video tu, ndugu zetu wameshamaliza mengine.

Saa kwanza. Kenya tuko UTC+3 mwaka mzima, Uingereza wanabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Wakikwambia 4 pm ya London, kiangazi chao hiyo ni saa kumi na mbili jioni kwetu, na baridi yao ni saa moja usiku. Saa zote mbili zinabanana na Magharibi, na mwezi wa Ramadhani ndiyo futari yenyewe. Omba saa nyingine mapema bila maelezo marefu, na ukiandika tumia saa za dijiti na EAT (saa za Afrika Mashariki), kwa mfano 14:00 EAT. Ukiandika "saa nane" kwenye barua ya Kiingereza ikawa 8:00, utakuta wamekusubiri asubuhi.

Stima. Laptopu yenye chaji kamili haisaidii kama rauta imezima. Ama betri ndogo ya rauta, ama hotspoti ya simu kwa mtandao tofauti na ule wa nyumbani, bando la GB 2 kwa kikao cha saa moja, na siku moja kabla uiunganishe laptopu ili siku yenyewe ijiunge bila kuuliza nenosiri. Namba ya mtu wa HR iwe kwenye karatasi, si ndani ya laptopu.

Hijabu na sauti. Vipokea sauti vya waya vikivaliwa chini ya mtandio, kile kidude cha maikrofoni kwenye waya kinasuguana na kitambaa kila ukigeuza shingo, na upande wa pili wanasikia mkwaruzo mtupu. Wewe husikii kitu. Utoe waya nje, ubane kwa pini sentimita chache chini ya kidevu, au utumie maikrofoni ya laptopu yenyewe. Jirikodi dakika mbili ukigeuka kulia na kushoto, usikilize. Feni ya juu ipunguze, ya mezani isielekee laptopu. Mwanga: kaa ukilitazama dirisha. Buibui jeusi na ukuta wa giza huifanya kamera ijiongezee mwanga yenyewe na uso ukatoka mweupe bila sura. Mtandio wa rangi nyepesi au ukuta mweupe unamaliza tatizo hilo. Kwa dada wanaovaa niqabu, waandikie HR kabla na kuomba utambulisho ufanywe na mwanamke wa kampuni kwenye simu ya pembeni, lisije likawa jambo la kujadiliwa kikao kikiwa kimeanza.

Ukitaka mtu wa kukupima kabla, ulizia Swahilipot, kituo cha vijana pale karibu na Fort Jesus, vijana wa teknolojia hupatikana. Tafuta usiyemjua. Rafiki atakuonea huruma.

Kijana_Likoni

Ile ya alama kuandikwa kabla ya kuzungumza nimeichukua, Zuhura. Swali moja: mshahara utajwe lini?

ZuhuraTudor

HR ndiye atakayeanza, tena simu ya kwanza. Wakiuliza "unalipwa ngapi sasa" hulazimiki kutaja. Toa kiwango cha nafasi hii, na ule ukingo wa chini uwe namba ambayo ukipewa utaikubali, maana mara nyingi ndiyo utakayopewa. Sema namba kisha nyamaza. Hapo tu ndipo nasema unyamaze, dada zetu wengi hutaja namba na kuanza kuipunguza wenyewe kabla hawajajibiwa.

Uliza kama wanazungumzia mshahara kabla ya makato. Kwa mwajiriwa wa hapa kuna PAYE (kodi ya mapato), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, kwa hiyo tofauti si ndogo. Ile kazi ya Uingereza uliza zaidi: ni ajira au ni mkataba wa kujitegemea? Mwajiriwa chini ya sheria yetu ana likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, kifungu cha 29. Wa mkataba wa kujitegemea hana, kodi anajilipia, na siku asizofanya kazi halipwi. Namba inayoonekana kubwa huko ipunguzie kwanza hayo yote ndipo ulinganishe na ya Nyali.

BintiMakadara

Nimeelewa. Naanza na maswali mawili leo, na barua kwa HR kesho asubuhi kuuliza vipengele vya alama.

Fundi_Seva

Kwenye barua hiyo hiyo uliza pia watajibu baada ya siku ngapi. Zikipita na mbili za kazi juu yake, waandikie mistari mitatu. Na wakikukataa, omba maoni kwa kila kikao peke yake. "Hukufaulu" kwa jumla haikwambii kama ni msimbo, ni usanifu, au ni jopo.